Singe Iliyozuia Mlango

Ala ya kisu ikiwa tupu ina tabia ya kupiga mluzi. Upepo ukiingia dirishani na kuipita mdomoni, inaimba kama chupa, na ukiwa umelala chumba cha pili utadhani kuna mtu nje anakuita. Dada Mkubwa alishauzoea mluzi huo. Siku hizi hakulalamika tena, aliuliza tu asubuhi huku anasaka sindano zake za kushonea: "Mjerumani, binti yako aliimba sana jana. Mume wake anakuja lini?"

"Yuko njiani," kaka yake alijibu.

"Anakuja kwa miguu, nadhani."

Mjerumani hakuwa Mjerumani. Alikuwa fundi breki wa malori aliyestaafu, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Ujerumani hakuwahi kufika, na Kijerumani alichokijua ni kile kilichogongwa kwenye chuma. Jina alibandikwa mtaani kwa sababu ya ukuta wa sebule yake. Wenzake hupamba ukuta kwa kalenda na picha za harusi, yeye alitundika singe, vile visu vya kuchomeka mbele ya bunduki, za jeshi la Kijerumani la zamani, kila moja na ala yake pembeni. Katikati ya ukuta, mahali ambapo mtu mwingine angemtundika baba yake, ilining'inia ala moja ya chuma, nyeusi, isiyo na singe.

Sheria ya wakusanyaji wa singe ni fupi. Kiwandani, singe na ala yake ziligongwa namba moja, zikatoka pamoja kama mapacha. Kisha vita vikazitawanya. Askari huyu kaangusha ala mtoni, yule kaokota ya marehemu, mwingine kauza singe akabaki na ala ya kukomelea banda la kuku. Kuzikuta mbili za namba moja ni kuwakuta mapacha waliopotezana utotoni wakaonana uzeeni. Wakusanyaji huizungumza habari hiyo kama wazee wanaozungumza posa: singe ni mume, ala ni mke, na anayezikutanisha ni mshenga.

Sheria ya pili ni fupi zaidi. Usisafishe. Futa vumbi, paka mafuta kidogo, basi. Ule weusi wa chuma, madoa yake na mikwaruzo yake ndio umri wake, na umri haukwanguliwi. Sheria hii hakuna mkusanyaji anayemwambia mwenzake, kama vile hakuna anayemwambia mtu mzima asitie kidole jichoni. Na hapo ndipo Mjerumani alipokuja kuteleza.

Kila mwaka chama chao kilifanya maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Katikati ya ukumbi liliwekwa kabati moja la kioo, na ndani yake ilikaa pea bora ya mwaka. Karibu na mlango iliwekwa meza ya yatima: singe zisizo na ala, ala zisizo na singe, na pea za kuunganishwa unganishwa. Ala ya Mjerumani, namba 5082 na herufi ndogo k chini yake, ilikuwa mwenyeji wa meza hiyo ya mlangoni. Kila mwaka alisimama nyuma yake kifua mbele, akiwaambia watu, "Mwakani naingia kiooni."

"Mwakani hiyohiyo ya mwaka jana?" Fundi Kufuli alimwuliza. Huyu alikuwa rafiki yake na mpinzani wake, mtengeneza funguo mwenye ulimi usio na breki, na kabati la kioo lilikuwa lake karibu kila mwaka.

"Hiyohiyo. Haijaharibika."

Hakuwa anajigamba. Aliamini tu kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kitu kingine hakiwezi kukosana nacho milele. Maisha yake yote alikuwa ametoa breki mbovu za malori akatafuta za kufaa, na za kufaa zilipatikana.

Singe ilipatikana bucha. Alikwenda kununua nyama kama mtu yeyote, akasimama kaunta akisubiri zamu yake, macho yakizurura. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mlango wa kuelekea uani, ule wa kuingizia nyama, mlango mzito unaopenda kujibamiza. Ulikuwa umezuiwa na chuma kilichochomekwa kwenye tundu la sakafu. Mjerumani alikitazama chuma kile mara moja, akatazama pembeni, kisha akakirudia taratibu, kama mtu aliyeona uso wa jamaa yake kwenye umati.

Mpini una mdomo wa ndege. Kwenye kichwa, mfereji wa kuingilia bunduki. Pembeni, kitufe.

"Fundi, unataka nyama au unataka mlango?" aliuliza mwenye bucha. Alikuwa mjane mrefu mwenye aproni nyeupe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bucha.

"Nyama. Nipe ya mchuzi. Naomba nipite uani, ninawe mikono."

"Mikono yako mbona safi?"

"Ni mazoea ya kazi, mama."

Alipita, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, na viatu alivyovaa havikuwa na kamba. Kwenye chuma, chini kidogo ya mpini, chini ya doa la mafuta: 5082. Na chini yake k ndogo. Hakupiga kelele. Alisimama, akanawa mikono safi, akalipa, akasahau nyama kaunta.

Kwa siku kadhaa alirudi bucha asubuhi na jioni, akijaribu kupata pa kuanzia. Dada Mkubwa aliifungua friji iliyojaa nyama, akaifunga.

"Mdogo wangu, nyumba hii ina watu wawili au ina simba?"

"Nyama ni nzuri pale."

"Nyama, au mwenye nyama? Mimi ni mtu mzima, niambie tu. Wifi akija nimpishe chumba cha mbele."

"Dada, ni singe. Mume wa ile ala amepatikana."

Dada Mkubwa aliweka mkasi chini. "Afadhali ingekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke ungeshamwambia."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake aliivingirisha ala katika kitambaa, akaenda nayo wakati bucha haina wateja, akaiweka kaunta. Hakuzunguka. Alimweleza Mama Bucha mambo yote: kiwanda, mapacha, namba, ukuta. Mama Bucha alivaa miwani yake, akaichomoa singe sakafuni, mlango ukajibamiza, akailaza kando ya ala. Akasoma namba ya huku kwa sauti, akasoma ya huku.

"Na hiki kidudu cha chini chenye mkia?"

"Ni herufi, mama. Namba zilipoisha walianza upya kwa herufi. Iko kotekote."

"Naiona." Alizitazama kwa muda. "Sasa wewe umekuja kuposa. Lakini mbona umekuja na binti mkononi? Mwenye mume ni mimi. Niachie ala, ije kwa mumewe."

"Ala ndiyo nyumba, mama. Mgeni ndiye huifuata nyumba, sijaona nyumba ikimfuata mgeni."

"Hii si mgeni. Hii ina kazi hapa. Yako inafanya kazi gani?"

"Inapiga mluzi."

Mama Bucha alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mume wangu aliitoa kwenye rundo la vyuma chakavu siku tuliyofungua bucha, mlango ulikuwa umemgonga bega. Alipokufa, vitu vyake viliondoka kimoja kimoja. Koti likaenda kwa mdogo wake, baiskeli ikaenda kwa mpwa, saa sijui hata ilikwenda na nani. Hii ilibaki kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu."

Mjerumani alivingirisha ala yake taratibu. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposema, "Basi niruhusu angalau nikufungie kizuizi cha maana. Huo mlango utakukata vidole siku moja, singe iwepo isiwepo."

Alirudi na vifaa. Alifunga mkono wa chuma wenye springi ya breki ya lori, wa kuukamata mlango ukifunguliwa na kuuachia taratibu ukisukumwa. Aliifanya kwa ajili ya kazi yenyewe, bila kutazama singe iliyokuwa imeegemezwa ukutani, ingawa kutoitazama kulimtoa jasho. Mama Bucha alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Ulikwenda kama mlango wa benki.

"Fundi," alisema, "watu wengi wamepita hapa wakakikanyaga hiki chuma. Wewe ndiye wa kwanza kuinama. Maonyesho yenu ni lini?"

"Jumamosi."

"Ijumaa nitamleta bwana harusi. Lakini siwezi kumtoa nyumbani kwangu amechakaa hivi. Nitamtengeneza kwanza."

Mjerumani alicheka kwa furaha. Aliyachukua yale kuwa ni maneno ya posa, kama yale ya mgeni na nyumba. Angekuwa mtu yeyote mwingine, fundi cherehani, dereva, mpiga rangi, angeuliza: kumtengeneza vipi? Yeye alikuwa mkusanyaji. Kwake kusafisha singe kulikuwa jambo lisilowezekana, na mtu hauzuii mlango wa jambo lisilowezekana. Alitembea hadi nyumbani akiimba.

Ijumaa mchana Mama Bucha alikuja na kanga mpya mkononi, ameishika kama anayebeba mtoto. Dada Mkubwa alimpokea kwa "karibu wifi" na kiti cha mto. Kanga ikafunguliwa mezani.

Singe iling'aa hata ikatupa doa la jua kwenye dari. Ilikuwa nyeupe kama kijiko cha harusi. Mpini uliokuwa wa mbao nyeusi ulikuwa umekwanguliwa ukapakwa vanishi.

"Nimempa yule anayeninolea visu," Mama Bucha alisema. "Nilimwambia aifanye kama anamfanyia marehemu mwenyewe. Kaishughulikia kwa mashine, kisha kwa msasa, kisha kwa kitambaa. Mume wangu alipenda vitu visafi. Angeiona leo angejisikia fahari."

Mjerumani aliichukua, akaigeuza. Chini kidogo ya mpini, mahali pa namba, kulikuwa na uso wake mwenyewe, umerefuka kidogo. Alipapasa kwa kidole gumba. Alama ya kiwanda haikuwepo. Namba haikuwepo, wala kidudu chenye mkia. Nia njema ni tabibu, wahenga walisema, ila tabibu huyu alikuwa amemkata mgonjwa mguu mzima.

"Mbona umenyamaza kama mtu aliyefiwa?" Mama Bucha aliuliza.

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Alimtazama mama yule, amekaa wima kwenye kiti cha mto, amevaa viatu vya kutokea. Badala ya kusema, alisimama, akaitungua ala katikati ya ukuta, akaingiza singe. Ilishuka bila kukwama. Mwisho kabisa ile springi ya ndani iliikamata, ikasikika *ka*, sauti ndogo ya kufuli inayokubali ufunguo wake.

"Imekaa," alisema. Na huo haukuwa uongo.

Mama Bucha alipoondoka, Fundi Kufuli aliingia, maana habari za mtaa hazihitaji gari. Aliichomoa singe, akafumba jicho moja.

"Ndugu yangu, umenunua kioo cha kunyolea?"

Mjerumani alimweleza. Fundi Kufuli alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakutia neno katikati. Kisha akaenda dukani kwake, akarudi na kisanduku: vigongeo vya namba, vya chuma, safi, kimoja kwa kila tarakimu, na vya herufi pia.

"Namba uliiona?"

"Niliiona."

"Na mama aliiona?"

"Aliisoma kwa sauti."

"Basi uongo uko wapi? Singe ni ileile, namba ni ileile. Mimi nagonga hapa, tunapaka dawa, chuma kinarudia weusi wake, kesho unaingia kiooni. Nakupa kabati langu, mzee, na unajua silitoi kwa mtu. Kama ingekuwa namba ya uongo nisingekuletea."

Dada Mkubwa aliacha cherehani. Mjerumani alikishika kigongeo chenye tarakimu 5, akakiweka juu ya chuma, mahali palepale namba ilipokuwepo. Kilikaa sawasawa. Pigo moja la nyundo, na miaka yote ya meza ya mlangoni ingekwisha. Na kweli, uongo ungekuwa wapi?

Alikirudisha kigongeo kisandukuni.

"Tukigonga leo, hiyo ni namba ya leo," alisema. "Ile niliyoiona ilikuwa ya zamani. Leo ninajua kitu cha kweli. Ukinigongea, kesho nitakuwa naonyesha kitu nilichokitengeneza, na ile kweli yenyewe nitakuwa nimeifunika mimi kwa mkono wangu. Hapana. Inakwenda hivihivi."

"Itakwenda meza ya mlangoni."

"Naijua njia."

"Kichwa kigumu wewe," Fundi Kufuli alisema akifunga kisanduku, lakini kwenye kizingiti aligeuka. "Ningekuwa mimi ningegonga. Na nisingelala vizuri."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Katika kabati la kioo ilikaa pea ya Fundi Kufuli, nyeusi, yenye heshima zake. Wajumbe wa chama walipita meza ya mlangoni, wakaona singe inayong'aa ndani ya ala kuukuu, wakatingisha vichwa. Mmoja alisema huyu bwana harusi amevaa suti ya kukodi. Mjerumani alisimama nyuma ya meza, kifua mbele kama kila mwaka. Aliyeuliza aliambiwa: "Ni pea. Namba ilikuwepo, niliiona, imefutika." Wengi walitikia kwa adabu, kama unavyomtikia mvuvi anayekuonyesha urefu wa samaki aliyemponyoka.

Mama Bucha aliingia na Dada Mkubwa. Alitazama katikati ya ukumbi, akatazama kioo, hakuiona. Kisha akaiona pale ubavuni mwake.

"Kumbe imerudi kuzuia mlango," alisema. "Kwa nini haiko kule?"

Mjerumani alimtazama Dada Mkubwa, na Dada Mkubwa akamtazama yeye kwa namna ya kusema: safari hii huniponyoki. Basi akamwambia. Hakupunguza wala hakupaka asali. Mashine ile ndiyo iliyofuta namba, na bila namba chama hakitambui pea. Mama Bucha alisikiliza, mkono umeshika ukingo wa meza. Rangi ilimtoka kidogo, kisha ikarudi kwa kasi.

"Nilikwambia nitamtengeneza."

"Uliniambia."

"Nikakwambia kwa mdomo wangu, ukanichekea. Fundi mzima, mtu wa breki, ukashindwa kusema 'usiguse'? Neno moja?"

"Nilishindwa, mama. Sikudhani kuna mtu angeweza."

"Mimi nilidhani nafanya jambo la heshima!"

"Ulifanya. Ndiyo maana jana nilinyamaza."

"Basi na kunyamaza kwako nako ni upuuzi," alisema. "Nipishe."

Alivuta kiti, akakiweka kando ya meza, akakaa, mkoba mapajani. Mzee wa kwanza aliyekaribia aliinama, akatazama singe, akafungua mdomo.

"Unatafuta namba," Mama Bucha alimwambia. "Usiitafute. Niulize mimi. Ilikuwa hapa, chini ya mpini. Elfu tano na themanini na mbili, na chini yake kidudu chenye mkia. Nimeikanyaga tangu nafungua bucha, nimeisoma kwa miwani hii, na nimeifuta mimi, kwa mikono ya mnoaji wangu. Huyu bwana hakuniambia nisiifute, lakini hiyo ni kesi yangu na yeye."

"Na mama ni nani?" mzee aliuliza.

"Mimi ndiye mkwe. Upande wa mume."

Mzee alicheka. Wa nyuma yake akauliza amecheka nini, akaelezwa, naye akataka kusikia mwenyewe. Mama Bucha alisimulia upya: bega la marehemu, rundo la vyuma, baiskeli ya mpwa, fundi aliyeinama kufunga kamba ambazo kiatu hakina. Hakuwa na haya hata chembe, maana alikuwa anasema kitu alichokiona. Kila aliyetaka kusikia alipewa singe achomoe na kuingiza, asikie ile *ka*. Watu walijipanga mpaka nje ya mlango, na katikati ya ukumbi kabati la kioo lilibaki limesimama peke yake kama mgeni aliyewahi.

Fundi Kufuli alijipenyeza akiwa na kiti chake. "Nimekuja kukaa na watu," alisema. "Kule kwangu kuna namba tu."

Si wote walioamini. Katibu wa chama alisema kanuni ni kanuni na neno la mjane si muhuri. Mama Bucha alimwambia hata muhuri uligongwa na mtu, na mtu huyo katibu hamjui hata kwa sura, mbona yeye anamwamini? Katibu aliandika kitu, akakifuta, akaenda kunywa chai. Baadaye wajumbe wawili walikuja kuipeleka singe kiooni, wakisema kanuni wataizungumza wakikutana. Mjerumani aliweka kiganja chake kipana juu ya ala.

"Iacheni hapo. Kioo hakisimulii."

Jioni waliibeba nyumbani, Dada Mkubwa mbele na funguo, Mama Bucha katikati, maana alitaka kuona itakaa wapi. Mjerumani aliitundika kwenye msumari wa katikati, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainyoosha. Upepo uliingia dirishani ukapita ukuta mzima. Kimya.

"Ule mluzi umekufa," Dada Mkubwa alisema. "Na mimi usingizi niliuzoea nao."

"Uje ulale bucha, wifi," Mama Bucha alisema. "Ile springi ya kaka yako imeanza kulia." Kisha akamgeukia Mjerumani. "Jumatatu uje, na mafuta. Na kama kuna kitu kingine pale kwangu ambacho sipaswi kukigusa, safari hii useme."

"Mizani yako," alisema. "Ule weusi wake usiufute."

"Nimeshaufuta," Mama Bucha alisema, akatoka akicheka.